Rais wa kura: njia ndefu iliyoileta kadi ya mchaguzi mfukoni

Mkaaji wa Bukavu akitoka asubuhi kwenda soko la Kadutu au kuvuka Ruzizi, kuna kitu anachopapasa mfukoni kabla ya kufunga mlango: kadi ya mchaguzi. Kadi hizo zilipoanza kutolewa mwaka 2005 zilikuwa za kupigia kura tu. Lakini kwa kuwa Wakongo walikaa miaka mingi bila kitambulisho cha taifa, kadi ikageuka kuwa kitambulisho. Ndiyo inayoonyeshwa kwenye bariyeri, kwenye duka la laini za simu, na mahali majina ya waliohama vita yanapoandikwa ili wapewe msaada. Wako waliokimbia wakaacha sufuria na magodoro, lakini kadi hawakuiacha.

Hata hivyo kadi hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya bariyeri. Ilitengenezwa kwa kazi moja kubwa, nayo ni kuwawezesha raia kumpa mtu mmoja mamlaka ya kuongoza Jamhuri kwa miaka mitano, kisha kumwita tena wampime. Haki hiyo ni changa kuliko wengi wanavyodhani. Nchi ina uhuru tangu tarehe 30 Juni 1960, lakini raia walianza kumchagua rais wao wenyewe, katikati ya wagombea zaidi ya mmoja, mwaka 2006. Tangu hapo wamefanya hivyo mara nne tu: 2006, 2011, 2018 na 2023. Mtoto aliyezaliwa siku ya kura ya kwanza alifikia umri wa kupiga kura mwaka 2024 tu.

Kabla ya hapo marais walikuwepo. Ila waliingia kwa milango mingine.

Wa kwanza, Joseph Kasa-Vubu, alichaguliwa na wabunge na maseneta. Nchi ilipokaribia uhuru, Wabelgiji waliiandikia Sheria ya Msingi ya tarehe 19 Mei 1960, wakainakili kutoka kwao: mkuu wa nchi juu kama mfalme wa Ubelgiji, na waziri mkuu chini yake anayeendesha serikali. Mwezi huohuo wa Mei wananchi walichagua wabunge. Walikuwa wanaume peke yao, kwani akina mama hawakuruhusiwa kupiga kura. Hapa Kivu, wakati ilikuwa bado jimbo moja na makao yake Bukavu, chama cha CEREA cha Anicet Kashamura kilipata nguvu kubwa. Kwa nchi nzima, MNC ya Patrice Lumumba ndiyo iliyopata viti vingi kuliko chama kingine chochote. Tarehe 24 Juni wabunge na maseneta walikaa pamoja wakamchagua Kasa-Vubu wa ABAKO awe mkuu wa nchi, dhidi ya Jean Bolikango. Lumumba akawa waziri mkuu.

Basi hakuna mtu wa Bukavu, wala wa Kinshasa, aliyetia karatasi sandukuni kwa ajili ya rais wa kwanza. Jambo hilo lilionekana dogo, lakini halikuwa dogo. Sheria ilikuwa imeweka vichwa viwili ndani ya nyumba moja bila kusema waziwazi ni kipi kingesikilizwa siku ya ugomvi. Siku hiyo ilifika upesi: tarehe 5 Septemba 1960 Kasa-Vubu alitangaza redioni kwamba amemfukuza Lumumba. Lumumba naye akaenda redioni siku hiyohiyo, akatangaza kwamba Kasa-Vubu si mkuu wa nchi tena. Kila mmoja alikuwa na kipande cha haki. Mmoja alisema sheria inampa mamlaka ya kumwondoa waziri mkuu, na mwingine alisema wananchi ndio waliokipa chama chake viti. Bunge halikukubali yeyote aondolewe. Siku tisa baadaye Kanali Joseph-Désiré Mobutu alisema anawaweka wote kando. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961.

Ugomvi wa Kinshasa haukukaa Kinshasa. Mwisho wa Desemba 1960, wafuasi wa Lumumba kutoka Kisangani, mji ulioitwa bado Stanleyville, waliingia Bukavu na kuuchukua uongozi wa jimbo. Kashamura akashika madaraka. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mji huu kujifunza jambo ambalo ungejifunza tena na tena: pale juu pasipojulikana nani ni rais halali, jibu huja Bukavu likiwa limebeba silaha.

Wakongo walijaribu kurekebisha. Katiba ya Luluabourg, iliyopitishwa kwa kura ya maoni na kuanza kazi tarehe 1 Agosti 1964, ilimpa rais nguvu zaidi, ikasema achaguliwe na mkusanyiko wa wabunge, maseneta na wajumbe wa majimbo. Hata hivyo utaratibu huo haukupata kutumika. Mwaka 1965 Kasa-Vubu aligombana na waziri mkuu mwingine, Moïse Tshombe, akamwondoa, akamleta Évariste Kimba, na Bunge likamkataa Kimba. Ulikuwa ugomvi uleule wa 1960, wenye majina mengine. Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu aliwapindua wote, safari hii hakurudi kambini. Alisema atakaa miaka mitano. Alikaa karibu miaka 32.

Hapa kuna jambo la kuchekesha kama lisingekuwa la kusikitisha. Maandishi ya kwanza yaliyotaka rais wa Kongo achaguliwe moja kwa moja na raia wote, akina mama wakiwemo, yalikuwa katiba ya Mobutu ya tarehe 24 Juni 1967. Mwaka huohuo Bukavu ilikuwa ikipigwa mabomu: mamluki wa Jean Schramme waliuteka mji mwezi wa Agosti, wakatolewa Novemba. Wazee waliokuwa vijana wakati huo wanakumbuka zaidi nyumba zilizobomoka kuliko katiba.

Kura yenyewe ilifika Novemba 1970. Mgombea alikuwa mmoja. Aliyeingia kituoni alipewa karatasi mbili: ya kijani ilikuwa ya kumkubali Mobutu, na ilielezwa kuwa ni ya matumaini, nyekundu ilikuwa ya kumkataa, nayo ikaitwa ya vurugu. Hakukuwa na siri, kwani aliyechukua rangi alionekana. Matokeo rasmi yalitangaza zaidi ya kura milioni 10 za kijani, na 157 nyekundu. Nchi nzima, kutoka Matadi mpaka Uvira, watu 157. Mtu anaweza kukaa na tarakimu hiyo kwa muda mrefu akijiuliza hao 157 walikuwa nani, na kama walikuwepo kweli.

Kura za 1977 na 1984 zilifuata njia hiyohiyo, nchi ikiwa sasa inaitwa Zaire. Katiba ilirekebishwa mwaka 1974 ili mwenyekiti wa MPR, chama pekee, awe ndiye rais wa Jamhuri kwa haki ya cheo chake. Raia hawakuwa wakichagua tena. Walikuwa wakipiga makofi kwa karatasi. Sanduku la kura linaweza kuwepo, foleni ikawepo, na bado rais asiwe wa kuchaguliwa, kwa maana kumchagua mtu kunataka pia uwezekano wa kumwacha.

Mobutu aliruhusu vyama vingi tarehe 24 Aprili 1990. Mkutano Mkuu wa Kitaifa ulianza Agosti 1991, ukaongozwa na Askofu Laurent Monsengwo. Muhula wa miaka saba wa Mobutu ulikwisha Desemba mwaka huo bila kura mpya kuitwa, na hakuondoka. Mkutano ulimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu tarehe 15 Agosti 1992. Mobutu akamweka wake, Faustin Birindwa, mwana wa Kivu ya Kusini, mwaka 1993. Serikali mbili tena, redio mbili tena. Kura iliahidiwa na kuahirishwa mpaka bunduki ilipotangulia.

Yaliyofuata hayahitaji kusimuliwa kwa urefu kwa watu wa hapa, kwa kuwa yaliwapitia milangoni. Mwisho wa Oktoba 1996 Bukavu iliangukia mikononi mwa AFDL, na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa mjini. Tarehe 17 Mei 1997 Laurent-Désiré Kabila alijitangaza rais, na baada ya siku chache akatoa amri iliyompa karibu mamlaka yote. Agosti 1998 vita vya pili vilianza, na RCD ikaitawala Bukavu kwa miaka mitano. Januari 2001 Kabila aliuawa, na mwanawe Joseph, mwenye miaka 29, akaapishwa mahali pake. Kwa hiyo mwaka 2001 mtu wa Bagira alikuwa na rais Kinshasa aliyerithi kiti, na wakubwa wa RCD Goma waliokuja na jeshi. Yeye mwenyewe hakuwa ameulizwa kuhusu yeyote kati yao.

Mapatano ya Pretoria ya Desemba 2002, yaliyokamilishwa Sun City Aprili 2003, yalizaa serikali ambayo watu waliipa jina la hesabu, moja jumlisha nne: Rais Joseph Kabila na makamu wanne, Jean-Pierre Bemba, Azarias Ruberwa, Arthur Z'ahidi Ngoma na Abdoulaye Yerodia. Kazi yake kubwa ilikuwa kuifikisha nchi kwenye kura. Ilikaribia kuvunjikia hapahapa Bukavu: mwanzoni mwa Juni 2004 Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi waliuteka mji kwa siku kadhaa, wakaacha maiti na wanawake waliobakwa.

Mwaka uliofuata tume ya uchaguzi, ikiongozwa na Padri Apollinaire Malu Malu, iliandikisha karibu watu milioni 25. Hapo ndipo kadi ilipozaliwa. Katiba mpya ilipigiwa kura ya maoni tarehe 18 na 19 Desemba 2005, ikakubaliwa na karibu asilimia 84 ya waliopiga kura, ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006.

Inafaa kuifungua katiba hiyo mahali panapohusu rais, maana ndiyo inayotumika hadi leo, na mengi yanayosemwa sokoni juu ya rais hayamo ndani yake.

Kifungu cha 69 kinamwita mkuu wa nchi, mfano wa umoja wa taifa, mlinzi wa katiba, na mdhamini wa uhuru wa nchi na wa mipaka yake. Mdhamini wa mipaka: neno hilo wapiga kura wa mashariki ndilo walilolishika kuliko mengine yote. Kifungu cha 70 kinasema anachaguliwa moja kwa moja na raia wote, kwa muhula wa miaka mitano unaoweza kurudiwa mara moja tu. Cha 72 kinataka awe Mkongo wa asili, mwenye miaka 30 angalau.

Lakini katiba hiyohiyo haikumpa nchi yote. Walioiandika walikumbuka 1960, walikumbuka pia 1974. Waziri mkuu anateuliwa na rais, ila lazima atoke upande wenye wabunge wengi, na rais atake ushauri wa upande huo. Serikali inajibu mbele ya Bunge. Rais ni amiri jeshi mkuu, lakini kifungu cha 86 hakimruhusu kutangaza vita peke yake. Inatakiwa baraza la mawaziri liamue, Baraza Kuu la Ulinzi litoe maoni, na Bunge pamoja na Seneti watoe ruhusa. Rais akifa au akishindwa kabisa kufanya kazi, spika wa Seneti ndiye anayeshika nafasi kwa muda, na kura mpya inaitwa katika siku zilizohesabiwa. Kiti hakirithiwi na mtoto, wala na mkuu wa jeshi.

Halafu kuna kifungu cha 220. Hicho ni kifuli. Kinasema mambo fulani hayawezi kubadilishwa na yeyote, kwa njia yoyote ya marekebisho: muundo wa Jamhuri, kura ya watu wote, uhuru wa mahakama, vyama vingi, na pia idadi na urefu wa mihula ya rais. Thamani ya kifuli hicho ilionekana vizuri mwaka 2015, majirani walipopitiwa na suala hilohilo. Rwanda ilipiga kura ya maoni iliyomfungulia rais wake njia ya kuendelea. Kongo-Brazzaville ikafanya hivyo pia. Burundi, Pierre Nkurunziza aliutaka muhula wa tatu, damu ikamwagika, na maelfu ya Warundi wakavuka kuja Kivu ya Kusini. Ndipo kambi ya Lusenda, huko Fizi, ilipojaa. Uganda ilikuwa imekwisha kufuta mihula yenye kikomo tangu 2005.

Turudi kwenye kura. Tarehe 30 Julai 2006 karatasi ya uchaguzi ilikuwa na wagombea 33 wa urais, wenye picha ili hata asiyejua kusoma aweze kumtambua wake. Hakuna aliyepata nusu ya kura: Joseph Kabila asilimia 44.81, Bemba 20.03, Antoine Gizenga 13.06. Duru ya pili, tarehe 29 Oktoba, Kabila alipata 58.05 na Bemba 41.95. Kivu ya Kusini ilimpa Kabila zaidi ya kura tisa katika kila kumi. Watu wa magharibi walishangaa. Hawakuwa wamekaa miaka mitano chini ya RCD. Hapa kura ile haikuwa ya mtu sana kama ilivyokuwa kura ya kufunga vita, na aliyepigiwa alidaiwa hivyo tangu siku ya kwanza.

Deni hilo lilianza kudaiwa mapema. Januari 2009 majeshi ya Rwanda yaliingia Kivu ya Kaskazini kwa makubaliano na Kinshasa. Spika wa Bunge, Vital Kamerhe, mzaliwa wa Bukavu, alisema hadharani kwamba Bunge halikujulishwa. Miezi miwili baadaye akalazimika kujiuzulu. Waliosoma kifungu cha 86 walielewa kwamba swali lake halikuwa la utovu wa adabu: rais wa kuchaguliwa anapaswa kuulizwa na waliochaguliwa pia.

Januari 2011 Bunge lilirekebisha katiba. Kifungu cha 220 hakikuguswa, ila kifungu cha 71 kilibadilishwa na duru ya pili ikafutwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa gharama. Tangu hapo anayepata kura nyingi kuliko wenzake anashinda, hata kama wengi walimkataa. Badiliko hilo dogo lina uzito kuliko hotuba nyingi. Desemba 2011 Kabila alitangazwa kwa asilimia 48.95, Étienne Tshisekedi 32.33, Kamerhe 7.74. Mwaka 2018 mshindi alitangazwa kwa 38.57. Kwa sheria ya 2006, mara zote mbili nchi ingerudi vituoni, wagombea wawili wa mwisho wakatafute urafiki wa waliowakataa. Waangalizi wa 2011, wakiwemo wale wa Carter Center, walisema matokeo hayaaminiki. Duru ya pili isingeponya kila kitu, lakini ingewapa watu nafasi ya kuhesabu mara mbili.

Muhula wa pili wa Kabila ulikwisha tarehe 19 Desemba 2016. Hakuna kura iliyokuwa imeandaliwa. Mahakama ya Katiba ilikuwa imekwisha kusema mwezi wa Mei kwamba rais anabaki mpaka mrithi wake aingie. Kifungu cha 220 kilizuia muhula wa tatu, hakikuzuia kuchelewesha. Vijana waliandamana nchini kote, Bukavu ikiwemo, wengine wakafungwa, wengine wakauawa. Maaskofu Wakatoliki walisimamia mapatano ya tarehe 31 Desemba 2016, na kura ikafanyika miaka miwili baadaye, tarehe 30 Desemba 2018.

Siku hiyo Beni, Butembo na Yumbi hawakupiga kura ya rais. Tume ilisema sababu ni Ebola na usalama, ikawapangia Machi 2019, wakati rais alikuwa amekwisha kuapishwa tarehe 24 Januari. Watu wa Beni walifanya jambo ambalo halikuwa na nguvu ya kisheria lakini litabaki katika historia: walipanga foleni, wakaosha mikono kwa sababu ya Ebola, wakaandika wenyewe karatasi zao na kupiga kura ambayo hakuna ambaye angeihesabu Kinshasa.

Corneille Nangaa, mkuu wa tume ya CENI, alimtangaza Félix Tshisekedi mshindi kwa 38.57, Martin Fayulu akiwa na 34.83 na Emmanuel Ramazani Shadary 23.84. Kanisa Katoliki, lililokuwa na waangalizi karibu 40,000, lilisema matokeo hayo hayalingani na waliyokusanya. Mahakama iliyathibitisha. Kwa mara ya kwanza tangu uhuru rais mmoja alimkabidhi mwenzake kiti bila bunduki, na hata wenye mashaka walilikiri hilo. Ila wabunge wengi walikuwa wa Kabila, na hapo maneno ya katiba juu ya waziri mkuu yakaonekana si ya mapambo. Tshisekedi ilimbidi amteue Sylvestre Ilunga Ilunkamba kutoka upande wa Kabila, akakaa naye mpaka wabunge walipohama upande mmoja baada ya mwingine na wingi mpya ukaundwa, mwanzoni mwa 2021.

Desemba 2023 Tshisekedi alichaguliwa tena kwa zaidi ya asilimia 73, mbele ya Moïse Katumbi na Fayulu. Daktari Denis Mukwege wa Panzi alikuwa mgombea pia, akapata chini ya asilimia moja. Bukavu bado inabishana kwa nini. CENI haikuandaa uchaguzi Masisi, Rutshuru na Kwamouth kwa sababu ya vita. Tshisekedi aliapa tarehe 20 Januari 2024. Oktoba mwaka huo, akiwa Kisangani, alisema ataunda tume ya kuiandika upya katiba, na tangu siku hiyo mjadala wa kifungu cha 220 haujazimika. Wanaomuunga mkono wanasema katiba iliandikwa wakati wa vita na haifai tena. Wanaompinga wanasema wanaona kifuli kikitafutiwa funguo.

Mjadala huo ulikatizwa hapa na risasi. Katikati ya Februari 2025 AFC/M23 iliingia Bukavu, baada ya Goma. Kiongozi wa AFC ni Nangaa yuleyule aliyemtangaza Tshisekedi mwaka 2018. Na Joseph Kabila, ambaye kifungu cha 104 kilimfanya seneta wa maisha kwa kuwa rais wa zamani aliyechaguliwa, alivuliwa kinga na Seneti Mei 2025, na Septemba mahakama kuu ya kijeshi ikamhukumu kifo bila yeye kuwepo. Watu watatu ambao majina yao yalitoka kwenye karatasi za kura na matangazo yake, leo wako pande zinazopigana au zinazoshtakiana. Serikali ya jimbo ilihamia Uvira. Familia za Bukavu, Kabare na Kalehe zilitawanyika: wengine Uvira, wengine visiwani Idjwi, wengine ng'ambo ya Ruzizi, Burundi.

Kwa hesabu ya katiba ya leo, muhula ulioanza Januari 2024 unaisha Januari 2029, na kifungu cha 73 kinataka uchaguzi uitishwe siku tisini kabla. Kabla ya hapo orodha ya wapiga kura lazima ifanywe upya. Hapo ndipo kadi ya mfukoni inapokutana na shida ya aliyehama. Kadi imeandikwa mahali mtu alipoandikishwa, na hapo ndipo jina lake linapobandikwa ukutani siku ya kura. Aliyeandikishwa Minova na sasa analala shuleni Uvira ana kadi, ana miaka, ana uraia, hana ukuta wa kusomea jina lake. Mwaka 2023 watu wa Masisi walikuwa hivyo, na rais akachaguliwa bila wao.

Njia ya kuwafikia walio mbali si kwamba haijulikani. Katika kura hiyohiyo ya 2023, kwa mara ya kwanza, Wakongo wanaoishi nje walimchagua rais wakiwa hukohuko walipo, bila kurudi nyumbani. Nchi zilizoteuliwa kwa kuanzia zilikuwa tano: Afrika Kusini, Ubelgiji, Ufaransa, Marekani na Kanada. Burundi, Rwanda, Uganda na Tanzania, zenye kambi za Wakongo waliokimbia vita, hazikuwemo.